Chanjo ilipopitia duka la dawa la mtaani: kisa cha West Virginia

Mwishoni mwa mwaka 2020 serikali kuu ya Marekani iliyapelekea majimbo mpango uliokwisha kuiva. Wazee wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee wangechanjwa dhidi ya UVIKO-19 na kampuni mbili kubwa za maduka ya dawa, CVS na Walgreens. Kampuni zingeleta wachanjaji, zingejaza fomu, zingetunza baridi ya chanjo, na jimbo lisingetoa hata senti. Gavana aliyechoshwa na miezi tisa ya korona angeukataaje mpango wa namna hiyo? Mmoja aliukataa. West Virginia ndilo jimbo pekee lililojitoa.

Watu wengi wakilitaja jimbo hili katika habari za korona hukumbuka mbwa wa gavana na bahati nasibu ya kuvuta watu wachanjwe. Mbwa tutamfikia. Lakini kisa hasa naona kiko kwenye lile "hapana" la awali, kwa sababu ndani yake mna sehemu iliyofanya kazi vizuri kuliko popote Marekani kwa wiki kadhaa, na pia mna sababu ya kwa nini kazi ile ile ilikwama ilipotoka nje ya mlango wa nyumba za wazee.

Kwanza mahali penyewe. West Virginia ni nchi ya milima ya Appalachia na makaa ya mawe, wakazi karibu milioni 1.8, kaunti 55, na barabara zinazozunguka mabonde kiasi kwamba kilomita 30 zinaweza kula saa nzima. Wakazi wake ni wazee kuliko wa majimbo mengi, na magonjwa ambayo korona huyapenda yamejaa: kisukari, moyo, mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa sigara na vumbi la migodini. Hospitali za vijijini zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Hospitali ya mji wa Fairmont ilifunga milango tarehe 19 Machi 2020, siku mbili tu baada ya jimbo kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. West Virginia lilikuwa jimbo la mwisho kati ya yote 50 kuthibitisha mgonjwa, na wengine walilichukulia hilo kama kinga ya milima. Halikuwa kinga. Mwezi huo huo ugonjwa uliingia kwenye nyumba moja ya wazee mjini Morgantown na kusambaa kwa wakazi na wahudumu.

Mlipuko wa Morgantown ulifundisha kitu. Tarehe 17 Aprili 2020 Gavana Jim Justice aliamuru kila mkazi na kila mfanyakazi wa nyumba za uuguzi za wazee apimwe, mwenye dalili na asiye na dalili. Hakuna jimbo lililokuwa limefanya hivyo kabla yake. Ili amri ile itekelezeke ilibidi jimbo lijue kila nyumba iko wapi, inaendeshwa na nani, ina vitanda vingapi, simu inapokelewa na nani saa mbili usiku. Walinzi wa Taifa, wale wanajeshi wa jimbo ambao kwa kawaida huitwa wakati wa mafuriko, walizunguka kusaidia. Chanjo ilipokaribia, Desemba, orodha ilikuwa tayari na watu walikuwa wanajuana kwa majina.

Sasa turudi kwenye "hapana". Kikosi kazi cha chanjo kiliongozwa na Meja Jenerali James Hoyer, mkuu wa Walinzi wa Taifa wa jimbo, pamoja na wataalamu wa afya kama Dkt. Clay Marsh wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Walipoutazama mpango wa CVS na Walgreens waliona tundu. Katika miji mingi midogo ya jimbo hilo kampuni hizo hazina duka hata moja. Nyumba za wazee tayari zilikuwa na mfamasia wao, mwenye duka lake kwenye barabara kuu ya mji, anayepeleka dawa za presha na kisukari kila wiki. Ndiye anayejua mzee yupi ana mzio, yupi anatumia dawa ya kuyeyusha damu. Kwa nini aje mgeni kuanza upya kukusanya majina? Jimbo likajenga mtandao wa maduka karibu 250, mengi ya watu binafsi, likaunganisha kila nyumba ya wazee na duka, na chanjo ikagawanywa kutoka vituo vikubwa vitano vyenye majokofu ya baridi kali.

Niingie kidogo kwenye kichupa, maana kasi yote ilianzia hapo. Chanjo ya Pfizer ilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Ikishatolewa na kuwekwa kwenye friji ya kawaida, kwa masharti ya wakati ule, ilikuwa na siku tano. Ikishachanganywa na maji ya chumvi, ilikuwa na saa sita, kisha inamwagwa. Kichupa kiliandikwa dozi tano, ingawa kwa bomba zuri la sindano na mkono mtulivu kilitoa sita. Kwa hiyo mfamasia lazima ajue idadi ya mabega kabla hajafungua chochote. Kwenye nyumba ya wazee yenye watu 58 wanaohitaji chanjo, kosa la watu wanne tu ni dozi nne zilizofunguliwa bila mwenyewe. Halafu kuna ridhaa: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kutia saini, lazima apatikane binti au mwana, na binti yuko jimbo jingine na simu yake imebadilika. Mfamasia wa mtaani ana namba hiyo. Ndiyo aliyopigia mwezi uliopita kuhusu bili ya dawa.

Dozi za kwanza zilifika tarehe 14 Desemba 2020. Katika majimbo mengi mpango wa serikali kuu ulisubiri mpaka wiki iliyofuata au zaidi ndipo uanze kuingia kwenye nyumba za wazee. West Virginia walianza mara moja, na kabla mwaka haujaisha vituo vyote 214 vya kulea wazee vilikuwa vimeshapata dozi ya kwanza. Mwisho wa Januari na dozi ya pili ilikuwa imepita. Jimbo maskini, lenye barabara mbaya na hospitali zinazofungwa, likawa linashindana na Alaska kileleni mwa orodha ya kitaifa ya waliochanjwa. Waandishi wa habari kutoka New York na Washington wakaanza kupiga simu Charleston, makao makuu ya jimbo, kuuliza siri ni nini. Nafurahi mpaka leo nikikumbuka jambo hilo, kwa sababu jimbo hili kwa kawaida huandikwa kama mfano wa kushindwa.

Kasi ilikuwa na gharama yake. Tarehe 30 Desemba, kwenye kliniki ya idara ya afya ya Kaunti ya Boone, watu 42 waliojipanga kuchomwa chanjo ya Moderna walichomwa dawa nyingine kabisa, mchanganyiko wa kingamwili wa kampuni ya Regeneron uliotumika kutibu wagonjwa wa korona. Wanaojua stoo ya dawa wataelewa: vichupa vinafanana, vimewekwa karibu, watu wamechoka, foleni ni ndefu. Hakuna aliyedhurika. Ninachowapongezea ni kwamba kesho yake, mkesha wa mwaka mpya, jimbo lilitangaza hadharani kosa, idadi na kaunti, na watu wale wakapigiwa simu. Wangeweza kunyamaza.

Baada ya nyumba za wazee Justice alichagua umri kuwa kigezo: kwanza wa miaka 80 na kuendelea, kisha 70, kisha 65, pamoja na walimu wa miaka 50 na zaidi. Jumamosi za Januari ukumbi mkubwa wa Charleston uligeuzwa kliniki, wazee wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu na wajukuu zao. Tarehe 25 Januari ukafunguliwa mfumo wa kujiandikisha mtandaoni kwa jimbo zima, na wasio na intaneti, ambao mabondeni ni wengi, wakapewa namba ya simu. Machi 22 mlango ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea, mapema kuliko majimbo mengi makubwa.

Hapo ndipo watu walipoacha kuja.

Haikuwa ghafla kama kuzima taa. Foleni zilipungua wiki hadi wiki, kliniki zilizokuwa zikijaa zikabaki na viti vitupu, na mwishoni mwa Aprili vilikuwepo vichupa vingi kuliko mabega. Tarehe 26 Aprili gavana akatangaza kwamba kila kijana wa miaka 16 hadi 35 atakayechanjwa atapewa hati fungani ya akiba ya dola 100. Vijana wa umri huo walikuwa karibu 380,000. Nakubaliana na aliyesema mkono mtupu haulambwi, na sioni ubaya wa serikali kumlipa mtu nauli na muda wake. Lakini kijana wa kaunti za Logan au McDowell anaifanyia nini hati fungani? Tangu 2012 benki za Marekani haziuzi tena hati hizo za karatasi. Ni kitu cha bibi, cha bahasha ya krismasi ya zamani. Baadaye ikabidi iongezwe kadi ya zawadi ya dola 100 kwa anayeitaka.

Kisha akaja Babydog. Ni mbwa wa gavana, aina ya bulldog, mfupi, mnene, uso wa mikunjo, na Justice alizoea kuja naye kwenye mikutano na kumkalisha kitini. Juni 2021 bahati nasibu ya waliochanjwa ikaitwa kwa jina lake. Droo ya kwanza ilichezwa tarehe 20 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa jimbo, siku hiyo hiyo amri ya barakoa ilipoondolewa. Zawadi zilikuwa hundi ya dola milioni moja, magari ya pikapu, ufadhili wa chuo, wikendi kwenye hifadhi za jimbo, leseni za kuwinda na kuvua za maisha, bunduki za kuwindia. Droo ziliendelea hadi mwanzoni mwa Agosti. Waliozichagua zawadi zile waliwajua watu wao. Huwezi kusema waliletewa orodha kutoka Washington. Hata hivyo wachumi waliochunguza bahati nasibu za chanjo katika majimbo 19 na kuchapisha matokeo Oktoba 2021 hawakuona kwamba ziliongeza idadi ya waliochanjwa kwa kiwango cha kupimika.

Katika wiki hizo hizo za droo, tarehe 24 Julai 2021, ndege ilitua Dar es Salaam ikiwa na dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, za kwanza kwa Tanzania nzima. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Mimi nilizitazama habari hizo mbili pamoja na zikaniuma. Dozi chini ya milioni moja na laki moja kwa nchi ya watu karibu milioni 60, wakati jimbo la watu milioni 1.8 linatoa pikapu ili dozi zake zisiharibike frijini.

Kwa nini zawadi hazikusukuma? Jibu langu linarudi kwa mfamasia. Kwenye nyumba za wazee chanjo haikuhitaji kutangazwa. Ilikuja mkononi mwa mtu aliyekuwa akiingia mle kila wiki, swali lake lilijibiwa pale pale kando ya kitanda, na familia ilipigiwa simu na sauti inayoifahamu. Watu wa miaka 25 hawana mfamasia. Hawana hata daktari. Jimbo lilipotaka kuwafikia lilikuta hakuna njia iliyokwisha kukanyagwa, likajaribu kuiziba nafasi hiyo kwa tangazo na zawadi.

Na lazima niseme lililo gumu zaidi, maana nisipolisema nitakuwa nimemchora mfamasia wa mji mdogo kama malaika. West Virginia ndilo jimbo lililoumizwa kuliko yote na vidonge vya kutuliza maumivu, vile vinavyolevya na kuua vikizidishwa. Kermit, kijiji cha watu wapatao 400 katika Kaunti ya Mingo, kilipokea karibu vidonge milioni 9 vya hydrocodone kwa miaka miwili kupitia duka moja la dawa. Gazeti la Charleston Gazette-Mail lililofukua takwimu za vidonge jimboni lilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2017. Kila familia ina wa kumlilia. Unapomwambia kijana aliyemzika kaka yake kwamba kampuni ya dawa imeleta kitu kipya, kimethibitishwa na mamlaka zile zile, na ni salama, unamwomba asahau alichokiona kwa macho yake. Siasa nazo ziliongeza moto, katika jimbo ambalo Donald Trump alipata zaidi ya theluthi mbili ya kura 2020. Lakini wanaoliona suala hili kuwa la chama tu wanaruka kaburi.

Kuna jambo linalothibitisha kwamba watu wa West Virginia hawakuzaliwa wakipinga sindano. Kwa miaka mingi sheria yao ya chanjo za shule ilikuwa miongoni mwa kali kabisa Marekani: hakuna ruhusa ya kidini wala ya falsafa, ni sababu za kitabibu pekee, na watoto wa chekechea walichanjwa karibu wote. Mama yule yule aliyempeleka mwanawe kuchomwa chanjo ya surua, kwa sababu ndivyo shule inavyotaka na ndivyo alivyofanyiwa yeye, alisita mbele ya chanjo ya korona. Ya surua ilikuwa na njia yake, kupitia shule na kituo cha afya, tangu enzi za bibi yake. (Januari 2025 gavana mpya, Patrick Morrisey, alitoa amri ya kuruhusu sababu za kidini, na ubishi bado unaendelea. Hicho ni kisa kingine.)

Fedha za msaada zilikwenda kwa mtindo ule ule, na hapa nitasema kwa kifupi isipokuwa sehemu moja. Sheria ya CARES ya 2020, ile ya serikali kuu ya msaada wa janga, ililipa jimbo dola bilioni 1.25. Sehemu kubwa ikatengewa mfuko wa mafao ya waliokosa ajira, nyingine miji na kaunti, na dola milioni 150 zikatengwa kwa ruzuku za biashara ndogo, hadi dola 5,000 kila moja. Gavana ndiye aliyeamua, wabunge wakalalamika kwamba hawakuulizwa, na kwa miezi mingi fedha nyingi zilikaa benki. Mwaka 2022 dola milioni 28 na kitu zilizobaki zilihamishiwa mfuko wa ofisi ya gavana kwa maelezo kwamba zinafidia gharama za magereza, na milioni 10 kati yake zikaenda kujenga uwanja wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Marshall mjini Huntington. Serikali ya jimbo ilishikilia kwamba utaratibu ulikuwa halali. Mimi nabaki na picha ya nyasi za uwanja na fedha iliyoitwa ya korona. Na tarehe 19 Juni 2021, siku moja kabla ya droo ya kwanza ya Babydog, jimbo lilijitoa kwenye nyongeza ya serikali kuu ya dola 300 kwa wiki kwa wasio na kazi, ili warudi kazini. Wa Jumamosi aliyepoteza 300 aliitwa Jumapili kushindania milioni.

Sehemu ninayotaka kukaa nayo ni mabasi ya shule. Justice alifunga shule tarehe 13 Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajathibitishwa, na akasema wazi kinachomkosesha usingizi ni chakula, maana kwa watoto wengi wa jimbo hilo chakula cha uhakika ni kile cha shule. Ndani ya siku chache wapishi wa shule walikuwa wanapakia mifuko, na mabasi ya njano yakapanda mabondeni yakifuata njia zile zile za asubuhi, bila wanafunzi, yamejaa vyakula. Dereva alijua nyumba ipi ina watoto watatu na ipi ina mbwa mkali. Hakuhitaji ramani wala fomu. Ukiniuliza ni msaada upi wa janga uliofika haraka na kumfikia aliyekusudiwa, nitataja huo na chanjo ya nyumba za wazee, na vyote viwili vilibebwa na watu waliokuwa tayari wanapita njia hiyo.

Agosti 2021 likafika wimbi la Delta, aina mpya ya kirusi cha korona. Januari 2021, kabla chanjo haijaenea, wagonjwa wa korona waliolazwa kwa wakati mmoja walikuwa wamefikia kilele cha 818. Septemba, chanjo ikiwa bure kila duka la dawa, walivuka 1,000. Jimbo lililoanza la kwanza likawa karibu na mkia wa orodha ya waliokamilisha chanjo, na kwa siku kadhaa likaongoza nchi nzima kwa maambukizi mapya kulingana na idadi ya watu.

Justice alikuwa na desturi moja tangu mwanzo ambayo hakuiacha. Kila mkutano na waandishi aliuanza kwa kuwasoma waliofariki tangu mkutano uliopita, mmoja mmoja, bila majina: jinsia, umri, kaunti. Wa kwanza kabisa, Machi 2020, alikuwa mwanamke wa miaka 88, Kaunti ya Marion. Msimu wa baridi uliofuata orodha ilijaa miaka 77, 81, 90. Septemba 2021 alisoma kwa sauti ile ile, na ilimchukua dakika nyingi. Kaunti zilikuwa zile zile. Katikati ya wazee sasa walikuwemo wa miaka 40 na kitu, 50 na kitu.